Rubondo, Jirani Tusiyemtembelea

Mkazi wa Kahama au Katoro akitajiwa hifadhi ya taifa, mawazo yake hukimbilia Serengeti. Wachache hukumbuka kwamba mkoa wa Geita, huu wa dhahabu na makarasha, una kisiwa kizima cha msitu ndani ya Ziwa Victoria. Rubondo ilikuwa pori la akiba tangu 1965, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977.

Kufika si kazi. Wa Shinyanga hupitia Kahama na Kakola hadi Geita mjini, au huzungukia Mwanza na kuvuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025. Kisha ni Nkome, au Muganza upande wa Chato, halafu boti. Ondokeni asubuhi, maana upepo ukipanda mchana, ziwa halina mzaha.

Kisiwani hakuna simba, hivyo mgeni hutembea msituni kwa miguu akiongozwa na askari. Mnyama wa kumtafuta ni nzohe. Kwato zake ndefu zilizotanuka humwezesha kukanyaga matope ya mafunjo bila kuzama, na akihisi hatari hujitumbukiza majini akabakiza pua tu juu. Huyo ni mwenyeji. Sokwe waliletwa: kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek wa Frankfurt Zoological Society aliwaachia 17 waliotoka Ulaya, wengi wao katika bustani za wanyama. Hakuna aliyewafundisha maisha ya porini, lakini walizaliana, na vizazi vyao leo hujijengea viota mitini.

Tuje kwenye uvuvi. Wa biashara ni marufuku ndani ya hifadhi. Wa burudani unaruhusiwa kwa kibali. Boti huenda taratibu kando ya miamba ikiburuta chambo bandia, mpaka fimbo ipinde ghafla. Sangara anaweza kuvuka kilo 100, na akinasa huruka juu ya maji akitikisa kichwa ili ateme ndoana. Ukishampiga picha, unamrudisha. Najua mvuvi wa mwaloni ataguna kusikia hivyo. Lakini ghuba hizi ni mazalia: samaki wanaokulia humo hawajui mpaka, hutoka wakaingia nyavuni mwa wavuvi wa Nkome na Chato. Kwa anayelalamika kwamba samaki wanapungua, sijaona darasa bora kuliko hili.

Mahema hupigwa Kageye, yalipo makao makuu ya hifadhi. Usiku viboko hupanda nchi kavu kula nyasi, kwa hiyo msitoke ovyo. Kuogelea sahauni, kuna mamba. Nguo nyeusi na za bluu ziacheni nyumbani, zinavuta mbung'o.

Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi, tena ni nafuu mno kuliko cha mgeni wa nje. Kinachouma ni kukodi boti, kwa hiyo changeni: watu wa ofisi moja, wa kikoba, wa shule. Na ningetamani TANAPA ihakikishe kila Jumamosi kuna boti ya pamoja kutoka Nkome, ya nauli kwa kichwa kama daladala, ili mwalimu wa Katoro na mchimbaji wa Nyarugusu wawapeleke watoto wao bila kungoja kikundi kijae.