Mzee Waliyemwita Rambo

Na Mwandishi Wetu

Wasomaji waliokulia Tandika, Mbagala, Manzese au Mwananyamala katika miaka ya tisini hawajasahau kibanda cha video. Kuta zilikuwa za mabati, magunia yalitundikwa madirishani kuzuia mwanga, mabenchi hayakuwa na egemeo, na deki ilipata joto hadi mwenyewe akaipepea kwa kipande cha boksi. Sisi watoto tuliketi chini, mbele kabisa. Kiingilio, mara nyingi, kilikuwa sarafu ambayo mama aliitoa ikanunuliwe chumvi. Waliokiita mahali hapo "kibanda umiza" hawakukosea.

Picha iliyojaza kibanda chetu kuliko nyingine zote ilikuwa Rambo. Katika sehemu yake ya kwanza palikuwa na jambo lililojirudia kila ilipoonyeshwa. Mwishoni kabisa, steringi aliyekwisha kuutia moto mji anaketi sakafuni katika kituo cha polisi, anasema kwa kwikwi, kisha analia. Hapo watu wazima wa benchi la nyuma walipaza sauti: "Sogeza mbele!" Naye mwenye deki, aliyewajua wateja wake, alisogeza. Kiingereza hakikuwa chetu, risasi zilikuwa zimekwisha, na steringi anayelia alitutia haya. Hivyo nilifika utu uzima nikiwa nimeitazama picha hiyo labda mara kumi, bila kusikia hata siku moja maneno ambayo picha nzima ilitengenezwa ili yasemwe.

Picha hiyo, First Blood, ilitoka mwaka 1982. Iliongozwa na Ted Kotcheff, na Sylvester Stallone aliigiza kama John Rambo, askari wa kikosi maalumu cha Marekani aliyerudi kutoka Vietnam. Inaanza kwa utulivu usiotarajiwa. Mwanamume mwenye furushi begani anateremka kuelekea nyumba iliyo kando ya ziwa, akimtafuta rafiki wa kikosi chake. Mwanamke anayeanika nguo anamwambia kwamba rafiki huyo amekwisha kufa kwa saratani, iliyotokana na dawa ambayo Wamarekani waliimwaga huko Vietnam ili kupukutisha majani ya misitu. Rambo anashika njia tena. Katika mji mdogo mkuu wa polisi anaona nywele ndefu na koti la jeshi, anamsindikiza nje ya mji. Anaporudi anatiwa mbaroni na kuteswa, na vita vinaanzia hapo. Sisi tulidhani tumeona maiti wengi, kumbe anayeonekana akifa ni mmoja tu, polisi anayeanguka kutoka kwenye helikopta.

Na yale maneno ya mwisho? Rambo anamwambia kamanda wake wa zamani, Kanali Trautman, kwamba vitani alikabidhiwa mitambo ya thamani ya mamilioni, lakini nyumbani hapewi hata kazi ya kuegesha magari ya watu. Anamsimulia juu ya rafiki aliyekufa mikononi mwake huko Saigon, baada ya mtoto kuleta sanduku la kung'arishia viatu lililotegwa bomu. Wanaume wawili mle ndani, na mmoja analia kama mtoto. Sijaona picha nyingine ya vita inayoishia hivyo.

Katika kitabu cha David Morrell cha mwaka 1972, ambacho ndicho chanzo cha picha hiyo, Rambo anakufa. Waliotengeneza picha nao waliwahi kupiga mwisho wa kifo, halafu wakaubadili. Kumbe ile kanuni ya kibandani kwetu kwamba steringi hafi inafuatwa hata Hollywood. Lakini mtu asiyekufa huitwa tena. Mwaka 1985 Kanali anamkuta gerezani akivunja mawe. Mwaka 1988 anamkuta Thailand, akiishi jirani na watawa. Katika picha ya 2008 anavua nyoka mpakani mwa Burma, nchi ambayo babu zetu wa Keya walipigana na Wajapani mwaka 1944; na katika ile ya 2019 anafuga farasi. Kila mara mtu amejitenga, na kila mara wanakuja kubisha hodi. Kwa maoni yangu, baada ya picha ya kwanza kilichobaki ni misuli tu. Ile ya pili iliingiza dola zaidi ya milioni 300 duniani kote, mara mbili na zaidi ya ile aliyolia.

Kwetu iliingia kwa kanda. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo deki zilipoanza kuenea katika miaka ya themanini ndizo zilizokuwa televisheni na sinema ya watu wa pembezoni mwa mji. Baadaye walitokea watafsiri, kama Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambao waliweka sauti zao za Kiswahili juu ya picha za kigeni. Laiti wangekuja kwetu mapema. Jina Rambo lenyewe lilitembea kuliko mwenyewe. Morrell alilipata kutoka kwa aina ya tofaa ambalo mkewe alileta nyumbani. Dar es Salaam likawa jina la mfuko wa plastiki, na mama zetu walibebea nyanya ndani ya rambo hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni, 2019.

Mtaani kwetu, si mbali na reli ya TAZARA upande wa Temeke, likawa pia jina la mzee mmoja.

Jina lake halisi silitaji, kwa kuwa ameniomba. Ni fundi baiskeli. Anaishi peke yake katika chumba cha uani, haketi kwenye benchi la kahawa, na harusini hupeleka mchango wake lakini mwenyewe haendi. Watoto walijua jambo moja tu juu yake, kwamba alikwenda Uganda kupigana na Amin, na hilo liliwatosha kumpa jina. Walipopita wakipaza sauti "Mzee Rambo!" aliinua mkono wenye spana. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anamjua huyo Rambo.

Vita alivyokwenda vinajulikana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya nduli Idi Amin yalivuka mpaka, yakateka eneo la kaskazini ya mto Kagera na kulibomoa daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Jeshi likapanuliwa kwa maelfu ya mgambo, na yeye alikuwa mmoja wao, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwezi Machi 1979 palikuwa na mapigano makali ya Lukaya, ambako askari wa Libya walikuja kumsaidia Amin. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Waliokufa wengi wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake.

Waliorudi hawakufukuzwa na polisi wa mji wowote. Walipokewa kwa ngoma na vigelegele, na ni haki kulisema hilo. Kisha ikaja ile miezi 18 ya kufunga mikanda, na mpiganaji akapanga foleni ya sukari kama sisi sote. Tuliwapokea vizuri, lakini sikumbuki mtu mtaani kwetu aliyeketi na yule mzee akamuuliza: uliona nini huko?

Jumapili moja nilikwenda kwake na kompyuta ya mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeleta nini?"

Nikamwambia nimemletea yule ambaye watoto wanamwita kwa jina lake. Alicheka kidogo, akafuta mikono kwa tambara, akavuta kigoda. Nilikusudia kumtafsiria hadi mwisho, hasa pale tuliposogeza mbele utotoni mwangu. Nilitaka kuona atasema nini juu ya askari anayelia.

Hatukufika huko. Rambo aliteremka kuelekea ziwani, mwanamke akawa anaanika nguo, nikatafsiri anayosema. Mzee akainua kidole.

"Rudisha."

Nikarudisha. Alitazama tena, akaniomba nirudishe mara ya tatu. Kisha akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo:

"Mimi nilikwenda Mwananyamala."

Alikuwa na mwenzake kikosini, mtoto wa Mwananyamala, ambaye hakurudi. Yeye aliporudi mwaka 1979 alibeba begi la mwenzake, akapanda basi, akaulizia nyumba hadi akaonyeshwa. Mama mtu alikuwa uani, anafua. Alipoona sare alisimama, mikono yote povu, akachungulia nyuma yake barabarani.

"Akaniuliza, mwenzako yuko wapi? Nilijua la kusema. Njia nzima kutoka Temeke nilikuwa nalipanga. Nikamwambia, mama, anakuja na gari la nyuma."

Mama huyo alifurahi, akaingia ndani kuteleka chai. Alisikia sufuria ikiwekwa jikoni. Akaliweka begi kando ya beseni la nguo, akatoka polepole, na alipofika barabarani akakimbia. Hajapita mtaa ule tangu siku hiyo. Hajui ni nani aliyempa mama yule habari, wala ni baada ya siku ngapi.

Nilikaa kimya. Nje kulikuwa na mtoto ameegemea ukuta, anangoja baiskeli yake.

"Huyu mama wa kwenye picha," mzee akaniuliza, "alimkaribisha ndani?"

"Hapana, mzee. Amebaki pale pale penye nguo."

Akatikisa kichwa, akainuka, akaitafuta spana yake chini ya kigoda.

"Mzee Rambo, tayari?" mtoto akaita.

"Bado kidogo," akajibu, akaigeuza baiskeli juu chini na kuanza kufungua gurudumu la mbele.