Neno ‘kinga’ linavyoweza kumpotosha mgonjwa

Juzi jirani yangu hapa Lanet aliniuliza swali lililoninyima usingizi. “Mwalimu, mimi nadungwa sindano ya kinga mara tatu kwa wiki. Hii ni chanjo gani isiyoisha?” Kumbe alikuwa ameanza kuruka sindano, akawa anakunywa tangawizi na mwarobaini ili “kuongeza kinga”.

Jirani huyu anaugua maradhi ya neva ambayo madaktari huyaita MS kwa kifupi. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza kwa kina mnamo 1868, na jina lake la kitaalamu hurejelea makovu magumu, tena mengi. Kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Utando huo ni kama plastiki ya waya wa stima: ukichubuka, ujumbe haufiki vizuri. Ndiposa mgonjwa huona ukungu, hufa ganzi, hupepesuka au huchoka kupita kiasi.

Kilichomponza jirani yangu si ukaidi, ni lugha. Kitenzi ‘kinga’ kina maana ya kuzuia kitu kisikudhuru. Twajikinga mvua, twajikinga jua. Kisha likaja neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, likatuzoesha kudhani kwamba shida ya kinga ni kupungua tu. Korona ilipoingia nchini mwaka 2020, kila mtu akahimizwa aongeze kinga. Basi mtu akisikia “sindano ya kinga”, huwaza chanjo au nyongeza. Akisema ana “ugonjwa wa kinga”, majirani huanza kunong’ona mengine.

Katika MS, kinga haijapungua. Imeasi. Wazee wa hapa wanakumbuka Januari 1964, wanajeshi wa kambi ya Lanet walipoasi. Siku ile kambi haikupungukiwa na askari wala bunduki. Kilichokosekana ni utiifu. Je, ungetuliza maasi hayo kwa kuwaongezea waasi silaha?

Hapo ndipo sindano ya jirani yangu inapoingia. Dawa ya kwanza ya aina hii, intaferoni beta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993, ikafuatwa na glatirameri mwaka 1996. Hazichanji wala haziongezi kinga. Huirekebisha ili ipunguze mashambulizi. Glatirameri hudungwa chini ya ngozi, miligramu 20 kila siku au 40 mara tatu kwa wiki. Huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na mahali pa kudunga hubadilishwa: leo tumbo, kesho kutwa paja. Ngozi ikiwa nyekundu kidogo ni jambo la kawaida, ila mtu akishindwa kupumua, akimbizwe hospitalini.

Dawa hizi haziponyi wala hazirudishi kilichokwisha haribika. Faida yake ni shambulio ambalo halikutokea, na hilo halionekani kwa macho. Asiyeelezwa hivyo ataziacha. Mnamo Julai 2023, Shirika la Afya Duniani liliingiza glatirameri katika orodha yake ya dawa muhimu, mara ya kwanza kwa orodha hiyo kuwa na dawa za MS. Dawa muhimu kiasi hicho haifai kukosa jina.

Tuiiteje basi? Kiswahili kimekwisha tuonyesha njia. Tuna ‘kiuavijasumu’, neno lililoundwa kwa kiambishi ki-, kitenzi na nomino. Kwa utaratibu uo huo, napendekeza ‘kirekebishakinga’. Ni neno refu, sikatai, lakini linasema ukweli wa dawa yenyewe.

Nilipomweleza jirani yangu, alinyamaza kidogo kisha akasema, “Kumbe hizi zangu zinawatuliza askari!” Nikamsihi asijifidie mwenyewe sindano alizoruka, bali arudi kwa daktari wake amweleze yote. Alikwenda kesho yake.