RAM Haifundishi Prosesa Amri Mpya

Prosesa hutambua amri zile tu ilizojengewa kiwandani. Katika ukoo wa Intel ulioanza na 8086 mwaka 1978, kila kizazi kilirithi amri za waliotangulia na kuongeza zake: 80386 ya 1985 ilileta za biti 32, Pentium 4 ya 2000 ikaleta kundi la amri liitwalo SSE2, na mwaka 2003 AMD ikaongeza za biti 64 juu ya urithi huohuo. Mjukuu anaelewa lugha ya babu. Babu haelewi ya mjukuu.

Ndiyo maana swali lisiloisha kwenye meza za mafundi wa Mafiga, Morogoro, kama kompyuta ya zamani itakubali programu mpya ikiongezewa RAM, limekosea tangu mwanzo. RAM huishikilia programu inapotumika. Haitekelezi amri hata moja. Athlon XP, iliyoingia sokoni 2001, haina SSE2, na Firefox ya Windows inadai SSE2 tangu 2016. Iwekwe RAM ya GB 1 au 2, prosesa ikifika kwenye amri isiyoijua hutoa ishara ya kosa, na mfumo endeshi huifunga programu papo hapo. Kumrundikia madaftari mtu asiyejua Kiluguru hakumfundishi Kiluguru. Kupiga Windows upya nako hakubadilishi kitu ndani ya prosesa. Fundi anayemuuzia mteja RAM kwa tatizo hili amemlia fedha yake bure.

Nembo nayo si dhamana kwamba mashine mbili zinaelewa amri zilezile. ICT 1500, kompyuta ya kwanza Tanzania, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kwa asili ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyobandikwa jina la ICT, kampuni ya Uingereza, nayo ilisoma data kwa herufi za biti 6. Mashine za ICT 1900, za kampuni hiyohiyo, zilifanya kazi kwa maneno ya biti 24. Programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa amri za 1500 haikuwa na maana yoyote kwa 1900.

Kabla ya kununua chochote, programu ya CPU-Z ionyeshe amri ambazo prosesa inazo. Zikipungua, njia ni tatu: toleo la zamani la programu (kwa kazi zisizohitaji intaneti), Linux nyepesi ya biti 32 isiyodai SSE2, au kubadilisha mashine. Kwa tatizo la kinyume, programu ya zamani ya DOS inayogoma kwenye Windows ya biti 64 iendeshwe ndani ya DOSBox, inayoiga prosesa ya zamani.