Kiini cha Yai Kikipauka, Aulizwe Mwenye Kununua Chakula



Katika kuzungukia matawi ya Arua na Koboko, tumelisikia lalamiko moja mara nyingi kutoka kwa wenzetu wanaotunza kuku wa mayai. Mchuuzi anarudisha trei, anasema viini ni vyeupe na muuza rolex wa barabarani ameyakataa. Tajiri haulizi yeye mwenyewe alinunua chakula gani. Anamgeukia mtunza kuku: umeiba chakula, umewapa kuku pumba tupu. Kwenye shamba moja, ambalo halitatajwa hapa, mwenzetu alikatwa thamani ya trei 4 katika mshahara wa mwezi. Basi inafaa kila mmoja wetu ajue rangi ya kiini inatoka wapi, ili akiulizwa aweze kujibu.

Kuku hawezi kuitengeneza rangi hiyo mwilini mwake. Anaila. Ni rangi ya mimea, ya jamii iitwayo karotenoidi, na zile zinazofanya kazi hasa kwenye kiini ni luteini na zeaksanthini. Zimo katika majani mabichi, ijapokuwa hatuzioni kwa sababu ukijani umezifunika. Zimo pia katika mahindi ya manjano. Rangi hiyo huyeyuka katika mafuta ya chakula, hupita utumboni, huingia damuni, na mwisho huwekwa katika kiini kinachokua. Kiini hukua upesi katika siku kama 10 za mwisho kabla yai halijatagwa, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana ukibadilisha chakula leo hutaona kitu kesho. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku chache, na hutulia baada ya wiki mbili hivi.

Sasa tazameni kuku wa hapa kwetu West Nile hulishwa nini. Mahindi yetu mengi ni meupe, kwa kuwa ndiyo watu wanayoyapenda kwa posho. Ya manjano watu huyaita chakula cha msaada. Hata Kenya, yalipoletwa kutoka ng'ambo wakati wa ukame wa 1984, wengi waliyala kwa kunung'unika. Lakini kilo moja ya mahindi hayo ya manjano ina kama miligramu 20 za rangi tunayoitafuta, na meupe yana karibu sifuri. Muhogo hauna. Mtama karibu hauna. Dagaa na mashudu huleta protini, rangi si kazi yao. Kuku akifungiwa bandani na kulishwa mahindi meupe, muhogo na dagaa, atataga yai la kiini cheupe hata akitunzwa na profesa. Kuku wa kienyeji anayezurura nyuma ya jiko hana siri yoyote: anadonoa majani.

Yai lililopauka si yai bovu. Protini yake na mafuta yake ni yale yale. Lakini mteja hununua kwa macho, na sisi hatuwezi kumlazimisha.

Dawa ni majani: dodo, mlonge, lusina, majani ya muhogo. Yakausheni kivulini, si juani, maana jua na hewa huila rangi. Yakikauka mpaka yavunjike mkononi, yapondeni, na unga wake uwekwe ndani ya gunia mahali pakavu penye giza. Msiuweke miezi mingi. Kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula zinatosha. Anayezidisha ataona mayai yanapungua, kwa sababu majani yana nyuzinyuzi nyingi. Lusina hasa isipite kipimo hicho, ina sumu iitwayo mimosini. Majani ya muhogo nayo yana sianidi, kwa hiyo yakatwekatwe kwanza, yakauke kabisa.

Yapo maua ya tagetesi, yale ya rangi ya chungwa yenye harufu kali yanayopandwa mbele ya ofisi. Petali zake zikikaushwa zina rangi nyingi mara mamia kuliko mahindi ya manjano, na viwanda vya chakula cha kuku duniani hutumia unga wake, mwingi ukitoka India, China na Mexico. Hapa tunayafagia. Pilipili nyekundu iliyosagwa huongeza wekundu. Wala msiwahurumie kuku, ndege hausikii ukali wake. Karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa huwadanganya wengi: rangi yake nyingi kuku huigeuza kuwa vitamini A, na inayofika kwenye kiini ni kidogo.

Ikiwa majani yanatolewa na kiini bado kimepauka, tazameni afya. Ugonjwa wa kuhara damu, minyoo, na sumu ya ukungu katika mahindi au mashudu ya karanga huzuia utumbo kuichukua rangi. Na kiini kikitoka cha kijani-kahawia, ulizeni kama tajiri amenunua mashudu ya pamba. Yana kitu kiitwacho gosipoli kinachoharibu rangi ya kiini, hasa mayai yakikaa siku nyingi dukani.

Rangi za kiwandani zipo pia. Nyingine zimeruhusiwa kwa kipimo. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinakubali kanthaksanthini isiyozidi miligramu 8 katika kilo ya chakula cha kuku wa mayai. Lakini mwaka 2006 nchini China yalikamatwa mayai ya bata yenye viini vyekundu sana, kumbe wafugaji walichanganya rangi iitwayo Sudan. Hilo ni jina la kiwandani tu, jirani zetu wa ng'ambo ya Oraba hawahusiki. Ni rangi ya kupakia mafuta na nta, na inashukiwa kuleta saratani. Mfanyakazi akipewa unga mwekundu usio na jina wala karatasi, akatae kuuchanganya.

Kuhusu makato: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema ni makato gani yanaruhusiwa katika mshahara, na tajiri hana ruhusa ya kukata kwa hasira yake. Mwenzetu aliyekatwa kwa sababu ya viini afike kwa katibu wa tawi na karatasi ya mshahara, pamoja na orodha ya vyakula vilivyoletwa bandani katika wiki mbili kabla ya mayai kurudishwa.