Nasaba ni Amana: Wazee Wanaorudi Ujerumani Kuwatafuta Waliowazaa



Wahenga wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ni neno la kweli, na kila mama aliyekesha na mtoto mwenye homa analijua. Lakini yako maswali ambayo malezi, hata yawe mema kiasi gani, hayawezi kuyajibu. Leo ninawaletea habari za watu waliolelewa Marekani, wakakua, wakaoa na kuolewa, wakapata watoto na wajukuu, kisha wakafunga safari kurudi Ujerumani, nchi waliyozaliwa, wakiuliza jambo moja: mama yangu ni nani, na baba yangu ni nani? Habari zao zinatuhusu, kwani katika nyumba nyingi za Pwani yetu wamo watoto wanaolelewa na wasiowazaa.

Watoto wa baada ya vita

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha Ulaya mwezi Mei 1945, Ujerumani iligawanywa sehemu nne, zikashikwa na Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Warusi. Wamarekani walikaa zaidi upande wa kusini, katika miji kama München, Nürnberg, Frankfurt, Mannheim na Heidelberg. Miongoni mwa askari wao walikuwamo Wamarekani weusi kwa maelfu, waliotumikia katika vikosi vya peke yao, kwa kuwa jeshi la Marekani wakati ule lilitenganisha weusi na weupe. Rais Truman alitoa amri ya kukomesha utengano huo mwaka 1948, na utekelezaji wake ulichukua miaka.

Nchi ilikuwa magofu na njaa. Wanaume wengi wa Kijerumani walikuwa wamekufa au wamo katika kambi za mateka. Askari wa kigeni ndiye aliyekuwa na mkate, kahawa na makaa ya kuotea moto. Katika hali hiyo walizaliwa watoto wengi wa mama Mjerumani na baba askari. Wanahistoria wanakadiria kuwa katika miaka kumi ya mwanzo walifika 400,000, wa majeshi yote manne. Kati yao, takriban 5,000 baba zao walikuwa Wamarekani weusi. Hawa ndio ninaowakusudia leo, kwa sababu rangi ya ngozi yao haikuruhusu siri yoyote.

Sheria haikuwa upande wao. Hadi mwishoni mwa mwaka 1946 askari wa Kimarekani alikatazwa kabisa kumwoa Mjerumani. Baada ya hapo alihitaji ruhusa ya mkuu wake wa jeshi, na mweusi aliyeomba kumwoa mwanamke mweupe mara nyingi alinyimwa, pengine akahamishwa kituo kabla mtoto hajazaliwa. Huko kwao, majimbo mengi ya Marekani yaliharamisha ndoa za namna hiyo, na marufuku hayo hayakufutwa na Mahakama Kuu hadi mwaka 1967. Sheria ya Kijerumani nayo ilisema kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na baba yake si jamaa. Kifungu hicho kilidumu hadi mwaka 1970. Hata mama hakuwa na mamlaka kamili juu ya mwanawe, kwani ofisi ya serikali ya ustawi wa watoto ndiyo iliyokuwa msimamizi wake kisheria.

Mwaka 1952, watoto wa kwanza walipokaribia kuanza shule, suala lao lilifikishwa Bungeni mjini Bonn. Mbunge mmoja alieleza kuwa hata hali ya hewa ya Ujerumani haiwafai watoto hao. Fikiri, msomaji: mtoto aliyezaliwa katika theluji, hajui jua jingine ila lile la kwao, anaambiwa baridi ya kwao si yake. Mwaka huohuo ilitolewa filamu iitwayo Toxi, inayomhusu msichana wa aina hiyo. Mwisho wake baba anafika kutoka Marekani na kumchukua. Watazamaji walilia, kisha wakarudi majumbani wakiamini kwamba mahali pa watoto hawa ni ng'ambo.

Safari ya kwenda

Basi wengine walipelekwa ng'ambo kweli. Mwanamke mmoja Mmarekani mweusi, Mabel Grammer, mwandishi wa gazeti la Afro-American, aliishi Mannheim na mumewe aliyekuwa jeshini. Aliwaona watoto hawa katika nyumba za mayatima, ingawa wengi wao mama zao walikuwa hai. Yeye na mumewe wakaasili kumi na wawili, na kupitia maandishi na juhudi zake watoto wapatao 500 wakapata wazazi katika familia za Wamarekani weusi. Wengi waliasiliwa kwa wakala: mume na mke walioko Marekani wakipata mtoto wasiyepata kumwona, naye akiwafikia kwa ndege, hajui neno la Kiingereza.

Tusiwahukumu kwa haraka waliofanya kazi hiyo. Watoto walitolewa katika mabweni baridi wakapata mama wa kuwafunika shuka. Wengi walipendwa mno, japo wapo walioteswa. Lakini karibu wote walilipia bei moja. Jina lilibadilishwa, lugha ikasahaulika, na karatasi za kuzaliwa zikafungiwa sandukuni. Wapo walioambiwa ukweli mapema. Wapo waliougundua wakiwa watu wazima, wazazi waliowalea walipokwisha kufariki, katika kupanga vitu vya marehemu: hati ya Kijerumani, jina la mwanamke wasiyemjua, na jina la mji.

Safari ya kurudi

Hati hiyo ndiyo ufunguo. Ujerumani imekuwa ikiandikisha vizazi, ndoa na vifo katika ofisi za msajili tangu mwaka 1876. Kitabu cha vizazi hukaa katika ofisi ya mji aliozaliwa mtu kwa miaka 110, kisha hupelekwa katika hifadhi ya nyaraka. Aliyeasiliwa ana haki ya kuona maandishi yake ya asili akishatimiza miaka 16. Humo mna jina la mama, na pengine anwani aliyokuwa akiishi siku ile. Kutoka hapo msafiri huenda katika daftari la wakazi, kwa sababu Mjerumani anapohama nyumba hulazimika kujiandikisha upya. Daftari hilo huonyesha alihamia wapi, aliolewa na nani, na sasa anaitwa nani. Kuna pia jalada la ofisi ya ustawi wa watoto. Kwa sheria ya sasa, jalada la kuasiliwa hutunzwa miaka 100 tangu mtoto alipozaliwa.

Msingi wa haki hizi uliimarishwa na Mahakama ya Katiba ya Ujerumani tarehe 31 Januari 1989, iliposema kwamba kujua asili yako ni sehemu ya utu wako. Neno hili limetoka katika mahakama ya nchi isiyokuwa ya Kiislamu, nalo si geni masikioni mwetu.

Wanachokikuta mwisho wa njia hutofautiana. Mwingine hukuta kaburi. Mwingine hukuta ndugu wenye nyuso kama yake, wasiopata kusikia kwamba yupo. Mwingine hukuta bibi kizee aliyeolewa baada ya vita, akazaa wengine, na hakumwambia mumewe wala watoto. Kwa ajili hiyo, maofisa wenye busara hawaendi kubisha mlangoni. Huandika barua fupi isiyofichua kitu, ili mama aweze kujibu bila mtu mwingine kujua. Wapo mama waliolia na kusema walimngoja mtoto huyo kila siku. Wapo waliokataa kuonana naye. Na muda unakwisha: aliyezaliwa mwaka 1946 amekwisha kupita miaka sabini, na mama yake, kama yu hai, ni mkongwe sana.

Kumtafuta baba ni kugumu zaidi. Mara nyingi jina lake halikuandikwa kabisa. Na hata likijulikana, mwezi Julai 1973 moto uliunguza hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi katika mji wa St. Louis, Marekani, zikateketea faili kati ya milioni 16 na 18, nyingi zikiwa za askari wa enzi hizo. Siku hizi vipimo vya DNA vimewasaidia baadhi yao, wakampata binamu kwanza, kisha kupitia binamu wakamjua baba.

Wapo pia waliobaki Ujerumani na kutafuta upande wa pili wa bahari. Mwandishi Ika Hügel-Marshall alizaliwa Bavaria mwaka 1947, na akiwa mdogo akapelekwa katika nyumba ya watoto ambako alidhalilishwa kwa rangi yake. Mwaka 1993, akiwa na miaka 46, alimpata baba yake Chicago. Marshall ni jina la baba huyo. Alilichukua, akalibeba hadi alipofariki mwaka 2022.

Stara ya mama na haki ya mtoto

Najua kuna msomaji anayejiuliza: je, dini yetu haikutuamrisha kusitiriana? Mama aliyeteleza, au aliyedhulumiwa, akaficha jambo lake, kwa nini afuatwe baada ya miaka yote hiyo? Swali hili ni la haki, na Wajerumani wenyewe wamelihangaikia. Mwaka 2000 mjini Hamburg kiliwekwa kidirisha chenye kitanda cha joto, ambamo mama aweza kumweka mtoto mchanga na kuondoka bila kujulikana. Maisha ya mtoto huokoka, lakini hukua hana hata herufi moja ya asili yake. Ndipo tarehe 1 Mei 2014 ikaanza sheria nyingine. Mama mwenye kuogopa huzaa hospitalini kwa jina la kupanga. Jina lake la kweli, tarehe yake ya kuzaliwa na anwani yake huandikwa na kutiwa katika bahasha, ikafungwa na kuwekwa katika ofisi ya serikali. Mtoto akifika miaka 16 aweza kuomba kuiona. Mama akiwa na hofu ya kweli aweza kupinga, na hakimu huamua.

Mimi naiona bahasha hiyo kuwa ni fundisho. Stara ni kufunika aibu ya mtu, nayo ni ibada. Lakini mtoto si aibu, wala habebi dhambi ya aliyemzaa. Aliyefunika kosa amesitiri. Aliyefuta jina la mama wa mtoto, au akambandika baba asiyekuwa wake, amechukua kitu kisichokuwa chake.

Tukumbuke kisa cha Zayd bin Haritha, radhi za Allah ziwe juu yake. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafika katika nyumba ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Baba yake Haritha alimtafuta kwa machozi hadi akamkuta Makka. Zayd alipewa hiari, akachagua kubaki na Mtume, na watu wakawa wakimwita Zayd bin Muhammad. Kisha ikateremka hukumu katika Suratul Ahzab kwamba watoto wa kupanga waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini. Zayd akarudia jina la Haritha. Je, mapenzi ya Mtume kwake yalipungua? Hayakupungua hata kidogo. Jina la baba halikuondoa malezi, na malezi hayakufuta jina la baba.

Hiyo ndiyo kafala yetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua. Tunalea, tunalisha, tunasomesha, tunausia. Nasaba tunaiacha mahali pake.

Basi, ndugu zangu, mkiwa na mtoto wa kulea, fanyeni haya. Andikeni jina la mama yake, la baba yake likijulikana kwa haki, kijiji au mtaa wao, na siku mliyompokea. Kama kuna bibi au shangazi upande wa pili, andikeni na yeye. Kama amenyonyeshwa nyumbani, andikeni nani alimnyonyesha, ili kesho asije akaposwa na ndugu yake. Mwambieni mtoto angali mdogo, kwa maneno laini, kabla hajaambiwa na jirani kwa maneno makali. Na kama mama yake ameomba stara, wekeni jina lake kwa mtu mwaminifu katika bahasha iliyofungwa, kama amana. Amana haiandikiwi mtunzaji. Huandikiwa mwenyewe, naye ipo siku atakuja kuidai.

Mwenyezi Mungu awarehemu wanaolea wasiowazaa, awafariji mama waliotenganishwa na watoto wao, na awaonyeshe njia wote wanaotafuta walikotoka. Amin.