Baba yuko safarini: nyota wa kantri aliyeacha jukwaa ili alee mabinti zake

Saa mbili usiku, ukungu ukiwa umeshashuka Mgololo na watoto wamejikunyata kulizunguka jiko la mkaa, simu yangu huita. Ni baba yao. Leo yuko Mikumi, kesho Ruaha Mbuyuni, utingo ameshuka kununua vitunguu. Kabla hajasema chochote, nyuma yake nasikia redio ya gari. Karibu kila mara ni sauti ile ile nzito, ya taratibu, isiyo na haraka na mtu: Don Williams.

Nani huku kwetu asiyemjua? Baba yangu mzazi alikuwa fundi hapa kiwandani. Kilipoanza kutoa karatasi mwaka 1985 alikuwa kijana, na katika kabati lake kulikuwa na kaseti za aina mbili tu. Upande mmoja dansi: Mlimani Park, Maquis, na vijana wetu wa Iringa mjini, Tancut Almasi, bendi iliyomilikiwa na kiwanda cha kukata almasi. Upande wa pili Wazungu wa kantri: Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton, Don Williams. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini akitoka zamu ya usiku alikuwa akiweka kaseti, anakaa kimya, na sisi tunajua tusimsumbue. Mume wangu, dereva wa semi, alikuja kuniposa akakuta mkwe anasikiliza Kenny Rogers. Nadhani mahari ilipungua kwa sababu hiyo.

Miezi michache iliyopita binti yetu, wa miaka tisa, aliisikia redio ile kwenye simu akauliza: “Mama, huyo anayeimba na baba, na yeye ana watoto? Anarudi lini kwao?”

Nilimjibu akalale. Lakini swali likabaki na mimi. Usiku huo, bando likiwa bado lipo, nikaanza kutafuta.

Don Williams, kwa kuanzia, alikuwa na wana wawili na mke mmoja aliyemuoa mwaka 1960, naye hakumwacha hadi alipofariki Septemba 2017. Mtu huyu alifika Afrika. Mwaka 1997 alipiga Harare, Zimbabwe, na onyesho lile likarekodiwa kwenye video. Ukiitazama utaona watu wanaimba naye, na yeye na kofia yake ametulia kana kwamba yuko barazani kwake.

Kenny Rogers alinigusa zaidi. Mwaka 2015 alitangaza ziara ya kuaga akiwa na miaka 77, na sababu aliyoitoa haikuwa sauti wala ugonjwa. Alikuwa na mapacha wa kiume waliozaliwa mwaka 2004, akataka muda na wao na mama yao. Ziara yenyewe ya kuaga ikamchukua zaidi ya miaka miwili barabarani. Aprili 2018 afya ikamlazimisha kufuta maonyesho yaliyobaki. Machi 2020 akafariki, mapacha wakiwa na miaka 15. Muda aliokuwa anaufuata aliupata, lakini haukufika hata miaka miwili.

Na hapo ndipo nikakutana na Garth Brooks.

Huku kwetu hajulikani kama hao wazee, ila Marekani miaka ya 1990 hakukuwa na mwimbaji wa kantri aliyemfikia. Mzaliwa wa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1962. Ziara yake ya 1996 hadi 1998 ilijaza kumbi, usiku baada ya usiku, mpaka waliomtazama wakapita milioni tano. Kumbi ninazosema si kama ukumbi wa harusi. Wenzetu wanaziita arena: jengo lenye paa, ndani yake unaweza kuingiza uwanja mzima wa mpira wa kikapu, na watu elfu kumi na tano au ishirini wakakaa kwa mzunguko. Fikiria umati wa siku ya mechi kubwa pale Samora, Iringa, ukauweka ndani ya nyumba.

Jambo moja lilimfanya mume wangu anyanyue shingo nilipomsimulia. Ziara ya namna hiyo ni kazi ya malori. Jukwaa, taa, spika, nyaya, vyuma vya kuning’inizia, vyote husafiri kwa semi. Onyesho likiisha usiku, mafundi wanaanza kubomoa watu wakiwa bado wanatoka, wanapakia, na msafara unaondoka usiku huo huo kwenda mji mwingine. Asubuhi wanashusha na kujenga upya. Madereva hulala mchana. Kwa hiyo nyuma ya kila nyota unayemwona ana kofia pana na gitaa, kuna kundi la akina baba wenye usingizi wa mchana, ambao watoto wao nao wanauliza wanarudi lini. “Kumbe ni wenzetu,” mume wangu akasema.

Oktoba 2000 Brooks akatangaza kwamba anaacha. Alikuwa na mabinti watatu, wa miaka minane, sita na minne. Alisema hatasafiri tena kwa maonyesho mpaka yule mdogo amalize shule. Wakati huo alikuwa na miaka 38.

Sitaki kumfanya malaika, mzazi mwenzangu. Ndoa yake ilikuwa inavunjika wakati huo huo, na talaka ikakamilika mwaka uliofuata. Pengine kama kusingekuwa na talaka asingeacha. Sijui ya ndani ya nyumba za watu. Lakini alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonikalisha kitako. Alirudi Oklahoma akaishi karibu na mama wa watoto wake, ili mabinti wasilelewe na mzazi mmoja na picha ya mwingine ukutani. Akawa anawapeleka shule, anawasubiri mazoezini, anapika. Mwaka 2005 alimuoa Trisha Yearwood, naye mwimbaji mkubwa wa kantri, na mama huyo akaingia katika ratiba hiyo hiyo ya watoto wasio wa tumbo lake.

Desemba 2009 akaanza kuimba tena kidogo, Las Vegas, katika ukumbi mdogo wa hoteli, peke yake na gitaa. Wikiendi tu. Sharti lake lilikuwa kwamba kazi isimtoe kwa watoto, na mwenye hoteli akampa ndege ya kumpeleka na kumrudisha. Jumatatu mabinti wanamkuta nyumbani.

Kiangazi cha 2014 yule wa mwisho akamaliza sekondari. Tarehe 4 Septemba mwaka huo baba yake alipanda jukwaani kwenye Allstate Arena, Rosemont, nje kidogo ya Chicago, akaanza ziara mpya pamoja na Trisha. Watu walisema miaka kumi na minne ni mingi, vijana wameshamsahau. Ziara ile ilikwenda hadi Desemba 2017, ikamalizikia Nashville. Mji mmoja aliupigia maonyesho kadhaa mfululizo, siku nyingine mawili kwa siku, na tiketi zilizouzwa zilizidi milioni sita. Zaidi ya alizouza alipokuwa kijana.

Nilimsimulia mume wangu yote haya siku aliyorudi, nikidhani nimeleta hoja nzito. Akasikiliza mpaka mwisho akicheua miwa, kisha akasema: “Mama, huyo alikuwa na ndege.”

Ni kweli. Na hapo ndipo hadithi za nyota huwa zinatuacha sisi wengine. Garth Brooks aliweza kukaa nyumbani kwa sababu nyimbo zake ziliendelea kumletea fedha akiwa jikoni anakaanga mayai. Semi haimletei dereva senti ikiwa imeegeshwa. Ukikaa nyumbani wiki, umekula wiki. Naye alikuwa na sababu ya kuniambia hivyo siku hiyo, kwa sababu tajiri wake alikuwa amempa habari: aache njia ya Dar, ahamie njia ya Kongo.

Ambaye hajaolewa na dereva hataelewa uzito wa habari hiyo. Njia ya Dar unajua: Mgololo hadi Mafinga, ambako masika tope linaweza kula siku nzima, kisha lami, Iringa, Mikumi, Morogoro, unashusha, unapakia, unarudi. Siku tano, siku nane. Njia ya Kongo ni Tunduma, Zambia yote, Kasumbalesa, Lubumbashi. Foleni ya mpakani peke yake humaliza unga uliomfungia. Mwezi unapita, wakati mwingine miwili. Lakini posho ya safari huwezi kuilinganisha. Sisi tuna msingi wa nyumba na matofali yamefunikwa kwa nyasi tangu mwaka juzi. Kongo ingeyapandisha matofali yale ndani ya mwaka.

Nina jirani ambaye mumewe ameendesha njia hiyo miaka sita. Nyumba yao ni nzuri, bati la rangi, kisima uani. Tulikuwa tunachambua maharage siku moja akaniambia, bila hata kubadilisha sauti, kwamba mwanawe wa mwisho alimwita baba yake “mjomba” mbele ya wageni. Wageni walicheka. Baba akacheka nao. Kisha akatoka akaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Simlaumu jirani wala mumewe. Wamelea, wamesomesha. Ninachosema ni kwamba hesabu ya safari tunaifanya kwa shilingi peke yake, kwa sababu shilingi ndizo zinazohesabika.

Mpaka hapo tulikuwa tumejitahidi. Simu ya saa mbili haikosi, hata kama ni dakika tatu, na watoto wanajua ni zamu ya nani kuongea kwanza. Binti amechora barabara ya Dar kwenye karatasi kubwa (karatasi huku kwetu si tatizo) na anasogeza kifuniko cha soda kila baba anapotaja mahali alipo. Daftari la hesabu analipiga picha, baba anaikagua akiwa ameegesha, siyo akiwa anaendesha. Kwa hilo niliapa. Vinasaidia. Ila mdogo wake wa kiume, miaka minne, hataki kuongea na simu. Akipewa anaigeuza, anatazama nyuma yake, anairudisha.

Tulibishana siku tatu. Nilimwambia sitaki ndege. Nataka Las Vegas. Akaniuliza Las Vegas ya Mufindi iko wapi. Nikamwambia iko Sao Hill: tajiri huyo huyo ana malori ya magogo yanayotoka msituni kuja kiwandani, dereva wake anaondoka alfajiri na jioni yuko kwake. Akasema magogo ni kazi ya vijana wanaoanza, ni vumbi, ni kushuka cheo, na hela yake ni nusu. Yote kweli. Nikamuuliza binti atamaliza lini shule ya msingi. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza.

Mwenye uamuzi alikuwa yeye, maana usukani ni wake na aibu ya kwenda kumwambia tajiri “sitaki njia kubwa” ni yake. Alikwenda. Tajiri alimcheka kwanza, kisha akasema magogo yapo, lakini nafasi ya Kongo haitamsubiri. Wamekubaliana hadi binti amalize shule ya msingi, halafu wazungumze tena. Kwa maneno tu, hakuna karatasi, kwa hiyo lolote linaweza kutokea.

Matofali bado yako chini ya nyasi. Ada ya mdogo wake baba watoto tumeiomba isubiri hadi Januari, na hilo halikupokelewa vizuri ukweni, nimeshaitwa majina. Nyumbani nako wiki za kwanza hazikuwa kama nilivyozitarajia. Baba aliyezoea kupokewa kama mgeni, na kuku akachinjwa, sasa anakuta ugali na mboga kama sisi wote. Anaamsha watoto saa kumi na moja kwa kuwa yeye ameamka. Aliuliza kwa nini sukari inaisha haraka. Nilikaribia kumrudisha Kongo kwa mikono yangu.

Mvulana yeye alichukua muda. Alikuwa anasimama mlangoni anamtazama baba yake anavyovua viatu, haingii wala hatoki. Juma lililopita aliingia, akavichukua viatu vile, akavipeleka nje mwenyewe kuvikung’uta vumbi.

Binti amekibandua kifuniko cha soda kutoka kwenye ramani yake. Jioni baba akifika redio ya lori inakuja nayo hadi uani, Don Williams yule yule, naye anaimba kwa kufuatisha huku ananawa. Juzi binti alinifuata jikoni kunishtakia: kumbe baba anaimba vibaya, na kwenye simu haikuwa inajulikana.