Kemia ya Kidato cha Nne Njiani Kuelekea Unesi

Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga na meli ya MV Liemba ikawa inawavusha kwenda Kigoma mjini, kipindupindu kiliwaandama. Ugonjwa ule una kazi zisizopigwa picha: kuchanganya klorini, kumwaga ndoo, kubadilisha shuka, kuangalia mgonjwa ametapika kiasi gani. Katika hospitali zetu, kazi za namna hiyo kwa kawaida humwangukia mhudumu wa afya.

Kwenye zahanati za mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ilagala na Sunuka hadi Kalya huko kusini, mipaka ya kazi hiyo hufifia. Nesi akiwa likizo, na mama mwenye uchungu akaletwa usiku kwa mtumbwi, anayefungua mlango ni mhudumu. Amwambie nini? Asubiri kesho?

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haina kigugumizi: anayefanya uuguzi atambuliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na awe na leseni. Njia ya kuipata ni cheti cha miaka miwili, ngazi ya 4 na ya 5 kwa hesabu za NACTVET, msimamizi wa vyuo vya ufundi, kisha mtihani wa Baraza. Anayetaka stashahada huongeza mwaka. Kwa watu wa Kigoma chuo si mbali: Kabanga, Kasulu, kipo, jirani na hospitali ya misheni.

Kazi ipo kwenye kuingia. Zinatakiwa angalau D nne za kidato cha nne, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Wengi wa wahudumu walisoma shule ambazo maabara ilikuwa chumba chenye kufuli. Mwenye F ya Kemia anajiandikisha upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, akitoka zamu ya usiku anakwenda tuisheni na vijana wa rika la mwanawe.

Sisemi Kemia ifutwe. Anayepima dozi ya mtoto mchanga lazima aelewe anachokipima. Lakini mtu aliyegeuza wagonjwa miaka kumi wasipate vidonda vya kulalia, anayemtambua anayezidiwa kabla daktari hajaitwa, ujuzi wake hauna hata mstari mmoja kwenye fomu ya maombi. Hapo tunapoteza watu.

Halafu kuna fedha. Mtumishi wa serikali aliyethibitishwa kazini anaweza kuomba ruhusa ya masomo. Wa hospitali binafsi mara nyingi huacha kazi, ada ikategemea mawese na dagaa vya nyumbani.

Hata akifaulu, mtumishi wa umma bado ana barua za kufuatilia. Kubadilishiwa kada hupitia kwa mwajiri hadi ofisi ya Utumishi, na ucheleweshaji wake ni malalamiko ya siku nyingi. Wapo wanaorudi wodini na leseni halali, wanachoma sindano na kuzalisha, huku hati ya mshahara ikiwasoma wahudumu.